Mwizi Wetu wa Saa Kumi

Juzi mvua ilinikuta sokoni Kalerwe, hapa Kampala, nikichagua viazi. Haikuwa mvua ya manyunyu. Ilikuwa ile ambayo ikikunyeshea dakika tano hata mifupa inaomba taulo. Wauzaji walivuta maturubai, sisi wateja tukajibana chini yake kama nguo kwenye sanduku la bibi arusi, na hapo karibu na pua yangu lilikuwepo gunia tupu la mkonge, limelowa chepechepe. Harufu yake ikaniingia. Nikasahau viazi. Nikainama nikalinusa gunia mara moja, nikalinusa mara ya pili, mpaka mama mwenye viazi akaniuliza kwa upole kama nimekuja kununua au kunusa, maana kunusa ni bure lakini kunachukua nafasi. Nikamwambia nataka viazi na gunia lenyewe. Akanitazama kama mtu anayewaza ndugu zangu wanapatikana wapi.

Kwa watu wengi gunia bichi ni harufu ya soko. Kwangu ni harufu ya mwizi. Na nikisema mwizi sisemi kwa ubaya. Mwizi huyo alikuwa wetu, alilala nyuma ya stoo yetu, na kila siku saa kumi alasiri alikamatwa na mbwa mbele ya macho yangu, akaachiwa, akanywa chai. Siku hizi anaishi nchi moja ya mbali yenye theluji, alikopelekwa pamoja na wakimbizi wengine, na Baba ambaye angenisaidia kumkumbuka tumemzika mwaka jana. Kwa hiyo nimebaki mimi na gunia.

Tulikaa Mbuya, pembeni ya Kampala. Nyinyi wa rika langu mnaijua Mbuya ya wakati ule: juu ya kilima wakubwa wa jeshi na nyumba zenye kuta ndefu, chini sisi, na katikati barabara ya vumbi ambayo mvua ikinyesha iliteremka yote mpaka mlangoni kwetu. Baba alikuwa mkufunzi wa mbwa. Aliwafundisha mbwa wa kulinda majumba ya watu wa Nakasero na mabohari ya watu wa viwandani, akawakabidhi wakiwa wamejua adabu kuliko watoto wengi niliosoma nao. Kazi hiyo hakuipata barabarani. Alikuwa askari wa mbwa, na katika uaskari wake alishindana. Alikwenda hadi Nairobi kwenye mashindano ambako mbwa hupimwa kwa pua, kwa utii na kwa meno: anafuata nyayo za mtu asiyemjua, anaruka ukuta wa mbao, anakaa kimya huku mtu anapita mbele yake na sinia la nyama choma. Mbwa wa Baba, kwa maelezo ya Baba, alikaa mbele ya nyama ile mpaka nyama yenyewe ikaona haya.

Alirudi na kombe. Kombe lilikuwa kubwa kiasi cha kuogeshea mtoto. Haya, cha kunawia uso. Lakini nyanya yangu, ambaye sisi Wanubi tunamwita haboba, alisimama mlangoni akasema kombe la mbwa halivuki kizingiti chake. Basi kombe la Nairobi, lenye mbwa mdogo wa shaba juu yake, likahamia bandani, na miaka yote ya utoto wangu lilipimia posho. Makombe mawili kwa mbwa mkubwa, moja kwa mtoto.

Haboba hakuwa mkali kwa mbwa wenyewe. Alikuwa mkali kwa mate yao. Sisi ni Waislamu, na mate ya mbwa yana hukumu yake: chombo kilichoguswa huoshwa mara saba, ya kwanza kwa udongo. Haboba aliichukua hukumu ya chombo akaivisha kila kitu. Ovaroli ya Baba haikuingia ndani; ilining'inia kwenye msumari kando ya bomba la uani. Baba akimaliza kazi alichutama bombani akaosha mikono, na Haboba alikaa kwenye kigoda chake akihesabu kwa Kinubi mpaka saba. Ikiwa Baba alijaribu kuruka kutoka nne hadi sita, alirudishwa mwanzo kama mtoto wa darasa la kwanza. Kikombe cha kazini kilikaa nje. Sahani ya kazini ilikaa nje. Na mtu wa kazini, yule aliyegusana na mbwa kuliko hata Baba, alikula nje kwa sahani yake ya bati na kunywa kwa kikombe chake cha bati, na vyote viwili viliangikwa juu ya mti wa uzio.

Mtu huyo aliitwa Bahati. Alikuwa Mkongomani kutoka upande wa Bukavu, mrefu, mwembamba, mwenye makovu madogo madogo kwenye mikono kama mtu aliyepigana na paka elfu moja. Hakuna aliyenieleza ni nani. Watoto wa enzi zetu hatukuelezwa mambo. Tuliokota vipande na kujishonea wenyewe. Vipande vyangu vilikuwa hivi. Saa kumi, jua likishuka upande wa Kampala mjini, Bahati alivaa mkono mkubwa wa gunia, umeshindiliwa ndani kwa matambara mpaka ukawa mnene kama mguu wa ndama. Akaenda kujificha nyuma ya stoo. Baba akamtoa mbwa bandani, akamwambia kwa sauti ya askari, "Mwizi yuko wapi?" Bahati akatokea na fimbo akipiga kelele. Mbwa akaruka akamdaka mkono, wakavutana uwanja mzima vumbi likipaa. Baba akasema "Wacha," mbwa akaacha. Wakija wateja, Baba alimwonyesha Bahati kwa kidole na kuwaambia, "Huyu ndiye mwizi wetu." Na Bahati aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekubali kosa.

Sasa niambieni, mtoto wa miaka saba angefikiria nini? Niliona mtu aitwaye mwizi. Niliona anang'atwa kila siku kwa saa maalumu. Niliona anakula kwa bati, nje, na kila anayemgusa anaosha mikono mara saba. Nikahitimisha kwamba Bahati alikuwa mwizi kweli, amehukumiwa kung'atwa, na Baba, kwa kuwa alikuwa askari, ndiye aliyepewa kumtunza mpaka kifungo kiishe. Chai ile ya baadaye, ambapo Baba na Bahati walikaa kwenye matofali wakizungumza kama ndugu, niliihesabu kuwa huruma ya Baba. Nilijivunia sana. Niliamini Uganda nzima hakuna askari mwenye huruma kama Baba yangu.

Nilichukua tahadhari pia. Kandambili zangu nililala nazo. Vijiko vya nyumba nilivihesabu asubuhi na jioni. Bahati alikuwa na desturi ya kunipa karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi, na mimi nilizipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, kisha nikazitupa nyuma ya choo kwa sababu ni za wizi. Nadhani panya wa Mbuya walinenepa mwaka ule mpaka wakawa wanapita mlangoni kwa ubavu. Alikuwa akiniita "Mama Zaitu", maana jina langu ni Zaituni, na kila mara aliniuliza kama karanga zilikuwa tamu. Nilisema tamu.

Mbwa mkubwa wa uani aliitwa Koplo. Alipozaliwa aliitwa Kanali, lakini Mbuya huwezi kusimama nje ukapaza sauti, "Kanali, lala chini!" Mkubwa mmoja wa juu kilimani alituma mtu, kwa heshima kabisa, kuomba jina litazamwe upya. Baba akampa Koplo. Nafikiri ndiye mbwa pekee aliyeshushwa cheo bila kosa. Nyumbani tuliongea Kinubi, barabarani Kiganda, na Kiswahili kilikuwa cha Koplo. Kaa. Lala. Kando. Kamata. Wacha. Kukisikia nilikisikia, lakini ukitoa asante na tamu, Kiswahili chote kilichotoka mdomoni mwangu kilikuwa amri. Siku moja mgeni kutoka Mombasa alinisalimu kwa Kiswahili kizuri, na mimi kwa adabu zangu zote nikamjibu, "Kaa." Alikaa. Kiswahili chenye samahani na tafadhali nilikuja kukipata darasa la jioni, miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wawili na usingizi wa watu kumi.

Sasa kuna jirani yetu, Nalongo, mama wa mapacha, aliyeuza mkaa na kufuga kuku. Juma moja kuku wake watatu walitoweka. Nilitumwa mkaa nikamkuta amekaa mbele ya tundu tupu, ameshika kichwa, na mimi, ambaye tangu tumboni ulimi wangu haujawahi kukosa la kusema, nikataka kumfariji. Nikamwambia labda ni mwizi wetu.

Nalongo akainua uso. Akaniuliza mwizi gani. Nikamweleza. Nikamwambia Baba anamweka nyuma ya stoo. Ningeishia hapo ingekuwa nusu ya balaa, lakini nilimwona ananisikiliza, na nyinyi mnajua mtu anayesikilizwa anavyofanya. Nikaongeza chumvi. Nikamwambia huyo si mwizi wa kuku tu. Kule Congo aliiba ng'ombe. Ng'ombe mzima, usiku, akamvusha ziwa.

Nikachukua mkaa wangu nikaenda nyumbani nimeridhika.

Walikuja Jumamosi alasiri. Nimeisimulia habari hii mara nyingi, kwenye harusi, kwenye matanga, mara moja ndani ya ofisi ya kodi, na kila mara nimesema watu walikuwa mia mbili. Hapa sitaongeza. Walikuwa kumi na tano, labda kumi na sita. Mbele alikuwa chairman wetu wa LC, ile serikali ya mtaa, mzee wa Kiganda mwenye koti la suti na kandambili. Nyuma yake Nalongo, na pembeni dereva mmoja wa boda boda amevaa lile jaketi nene lililoshindiliwa pamba, ambalo madereva wa boda huvaa hata jua likiwaka kwa sababu ya upepo wa barabarani. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, na mkononi alikuwa na fimbo. Mwingine alikuwa amebeba tairi kuukuu begani. Nyinyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa tairi lilikuja kufanya nini.

Baba hakuwepo, alikuwa Nakasero kukabidhi mbwa. Haboba ndiye aliyewapokea getini, na shungi lake, akawaambia mwenye nyumba hayupo, warudi jioni. Chairman akamjibu kwa heshima, huku mikono ameiweka nyuma. Akasema, "Nnyabo, sisi hatukuja kugombana. Lakini mtoto wako amesema hapa kuna mwizi. Mtoto hana sababu ya kudanganya."

Haboba akageuka polepole. "Zaituni. Umesema nini?"

Nilikuwa nimesimama kando ya bomba. Nikafungua bomba nikaanza kunawa mikono. Nikahesabu kwa sauti mpaka saba. Mimi, jamani.

Wakati huo Bahati alikuwa uani, kwenye kivuli cha stoo, anashona mkono wa gunia. Alitumia shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi wa katani, na alikuwa ameubana mkono kati ya magoti. Aliposikia sauti akasimama akaja mbele kuona ni nini, mkono wa gunia kwapani, shazia mdomoni. Sijui kama kuna picha ya mtu inayofanana na hatia kuliko ile. Yule wa boda akasema, "Ndiye huyo," akamkamata ukosi wa shati. Mkono wa gunia ukaanguka. Watu wakazunguka. Kofi la kwanza likasikika, na la pili.

Bahati hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonigutusha. Saa kumi alipiga kelele mpaka ndege wa juu kilimani walihama. Sasa alikuwa kimya, ameweka mikono usawa wa kifua, viganja nje, na uso wake ulikuwa uso ambao sikuwahi kuuona. Nikaelewa kitu kimoja tu. Nilielewa kwamba hawa watu hawajui utaratibu. Kwetu mwizi alikamatwa na Koplo, kisha akaachiwa, kisha chai. Hawa walikuwa na tairi. Sikuona popote kwao mahali pa chai. Akili yangu ya miaka saba ikaniambia kwamba lazima Koplo amkamate haraka kabla hawajammaliza, kwa sababu aliyekamatwa na Koplo huwa anaachiwa.

Nikakimbia bandani nikavuta komeo.

Koplo alitoka kama amerushwa. Akaingia katikati ya watu, nao wakapasuka pande mbili. Akafika mbele ya Bahati, akasimama, akamtazama mkono mmoja, akamtazama wa pili. Hakukuwa na gunia. Kwa Koplo, Bahati asiye na mkono wa gunia hakuwa mwizi, alikuwa rafiki aliyemaliza kazi. Alimpita kama anavyopita mti. Kisha akageuza kichwa, na pale, hatua tatu mbele yake, kulikuwa na mtu mwenye mikono minene iliyoshindiliwa, fimbo juu, anapiga kelele. Koplo alikuwa amefundishwa maisha yake yote kumtafuta mtu huyo. Akaruka.

Alimdaka dereva wa boda mkono wa kulia, kati ya kiwiko na bega, pale pale panapotakiwa kwenye mashindano. Fimbo ikadondoka. Dereva akaanguka kwa magoti akilia kwa jina la mama yake. Watu kumi na tano wakawa hawapo. Mwenye tairi alilitupa, likabingirika peke yake kuteremka barabara mpaka halikuonekana tena. Geti lilikuwa wazi. Njia kutoka uani kwetu mpaka Congo ilikuwa wazi. Bahati angeweza kwenda.

Hakwenda. Alipangusa damu mdomoni kwa mgongo wa mkono, akatembea kuelekea kwa yule dereva, polepole, kama mtu anayekwenda kuzima taa. Akachutama karibu naye.

"Usivute," akamwambia. "Ukivuta, anazidi. Legeza mukono. Legeza, ndugu yangu. Vile vile."

Dereva akalegeza. Bahati akasema, bila kupaza sauti, "Koplo. Wacha."

Koplo akaachia. Akarudi hatua moja, akakaa, ulimi nje, akimtazama Bahati usoni kama mwanafunzi anayengoja kusikia amepata ngapi. Bahati akalikunja jaketi la yule mtu mpaka begani. Chini yake ngozi ilikuwa nzima. Alama za meno zilikuwepo, nyekundu nyekundu, lakini hata tone la damu halikuwepo. Pamba ndiyo iliyoumia.

Chairman alikuwa amepanda juu ya tangi la maji. Mpaka leo sijui alipandaje. Tangi lile lilikuwa refu kama mnara. Haya, lilikuwa la kimo chake. Akaongea akiwa kule kule juu, akamuuliza Bahati kazi yake hapa ni ipi hasa.

Bahati alijibu huku ameshika ukanda wa shingo wa Koplo. Alisema kule Bukavu kulikuwa na mzungu mmoja wa kahawa, aliyekuwa na kilabu cha mbwa, na kila Jumapili mbwa walishindanishwa. Yeye alikuwa mtu wa kung'atwa. Kila shindano lazima liwe na mwizi, na mwizi mbaya anawaharibu mbwa wote. "Miaka kumi na mbili, mimi nilikuwa ule mwizi," akasema. "Mbwa ikishika muzuri, inapata pointi. Lakini ikikataa kuachia, pointi zote zinakufa. Kuachia njo mashindano yenyewe, mzee. Kung'ata, hata mbwa ya njiani inajua."

Chairman akatafakari. Kisha akanitafuta kwa macho, akanipata kando ya banda, komeo bado liko mkononi.

"Wewe mtoto. Na ng'ombe?"

Watu walikuwa wameanza kurudi, vichwa vikichungulia getini. Nalongo alikuwepo. Haboba alikuwepo. Bahati naye alinigeukia. Hakuwa amesikia habari za ng'ombe. Nilitamani sana Koplo aning'ate mimi.

"Ng'ombe niliongeza," nikasema.

"Na kuku?"

"Kuku sijui."

"Nani alikuambia huyu ni mwizi?"

Nikasema Baba. Nikasema Baba anamwita mwizi kila siku, na anakula kwa bati, na tunaosha mara saba. Nilipofika kwenye bati Haboba alitazama chini. Chairman akateremka kwenye tangi, akajipangusa koti, akamwambia Bahati maneno ya pole ambayo yalikuwa mafupi kuliko ilivyostahili, akawaamuru watu waondoke. Dereva wa boda akaomba maji. Kuku hawakupatikana mpaka leo. Mimi namshuku nguchiro, lakini kuhusu kushuku nimeacha kusema kwa sauti.

Baba alirudi jua linakwenda chini, Haboba akamsimulia. Hakunipiga. Alikwenda moja kwa moja kwenye matofali, akakaa karibu na Bahati. Chai ikaja. Niliitazama kutoka dirishani. Haikuja kwa kikombe cha bati; ilikuja kwa vile vikombe vyenye maua ambavyo Haboba alivitoa Idi tu na kwa wageni wa kuposa. Aliileta mwenyewe, akaiweka, akarudi ndani. Bahati alijaribu kukishika kikombe, na nusu ya chai ikamwagikia magotini. Mtu aliyevutana na mbwa wa kila saizi kwa miaka kumi na mbili alishindwa na kikombe. Baba akakishika yeye, akamnywesha. Nikasikia Bahati anasema ameshakimbizwa mara moja maishani, kule kwao, na alidhani ile ilitosha. Asubuhi iliyofuata aliomba ruhusa aende.

Baba akamwambia, "Ukienda nitakuelewa. Lakini usiende leo."

Siku tatu hakukuwa na saa kumi. Begi la Bahati lilikuwa limefungwa, nimeliona kwa macho yangu, mlangoni pa chumba chake. Koplo alibeba mkono wa gunia kwa meno akauweka juu ya begi lile, akalala karibu nao. Bahati aliutoa akauangika. Koplo akaurudisha. Karanga hazikuja, na mimi ambaye nilikuwa nazitupa nikagundua kwamba nilizizoea. Usiku nilijaribu kupanga maneno ya kumwambia. Kiganda hakukijua vizuri, Kinubi hakukijua kabisa, na Kiswahili changu kilikuwa cha Koplo. Nilikipekua chote, kaa, lala, kando, kamata, wacha, sikupata neno la kuomba radhi. Mbwa haambiwi samahani.

Siku ya nne, saa kumi, aliniita. "Mama Zaitu. Kuya hapa."

Alikuwa amekaa mahali pake kwenye kivuli cha stoo, na miguuni kulikuwa na vipande vya gunia na uzi wa katani. Begi sikuliona. Akaniambia nilete mkono. Akanivisha kitu begani, akakifunga kwa kamba mbili. Ulikuwa mkono wa gunia, mdogo, umeshindiliwa vizuri, umeshonwa kwa ile mishono yake iliyolala kama miba ya samaki. Ulinienea kamili kuanzia begani mpaka vidoleni. Ulikuwa bado mbichi, kwa sababu gunia hulowekwa kwanza ili lilainike. Nikaunusa.

Akanipeleka katikati ya uwanja, pale pale anaposimama yeye. Upande wa pili Baba alikuwa ameshika mtoto wa mbwa wa miezi minne, aitwaye Mkia, ambaye meno yake hayajatosha kutafuna hata ugomvi. Haboba alikuwa kwenye kigoda chake kando ya bomba, tayari kuhesabu.

Bahati akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Kidonda cha mdomoni kilikuwa kimeanza kukauka.

"Sasa na weye ni mwizi," akasema. "Enda uwaambie na huko madrasa."

Hakucheka. Nikajua kwamba siku zote tatu hakuwa amesahau habari ile ilitoka mdomo wa nani, na kwamba karanga pia alijua zilikokwenda. Machozi yakanijaa, miguu ikaanza kurudi nyuma yenyewe.

"Mwizi muzuri hakimbiake," akaniambia, akinishika bega. "Anasimama. Anangojaka mbwa ifike."

Akatoka pembeni. Kule mbele Baba akamwachia Mkia, akasema kamata, na kile kidude kikaja mbio masikio yakiruka, kinakua, kinakua, mpaka machoni mwangu kikawa na ukubwa wa simba wawili.

Nikasimama.